Nairuzi ni ya nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu. Umeniuliza nikusaidie kumjibu yule mwenzako wa kazini, Muirani, anayesema Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, ni yao na huwa Machi, iweje sisi wa Makunduchi, huku Unguja, tuuoge mwaka Julai kwa sherehe yetu ya Mwaka Kogwa.

Neno ni lao, tusibishane. Kwa Kiajemi "now" ni mpya, "ruz" ni siku. Lilishuka pwani na majahazi ya pepo za kaskazi, kama yalivyoshuka maneno mengi ya baharini. Kwao sherehe huangukia Machi 20 au 21, mchana na usiku vinapolingana.

Lakini wazee wetu hawakulichukua kwa urembo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani mara iko kwenye kiangazi, mara kwenye masika. Utafunga kwa hesabu hiyo, ila huwezi kuipandia mtama wala kuingojea pepo ya kusi. Basi wakaweka na mwaka wa jua: unaanzia Nairuzi yetu ya Julai, unahesabiwa siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo. Marehemu babu yako hakuwa na habari na Agosti wala Septemba. Alikuwa akitaja mwongo, na nyavu anazitengeneza kwa hesabu hiyo.

Na "kogwa" ni letu tupu, la watu wa Makunduchi: koga ndiko kuoga. Siku ya mwaka watu hujitosa baharini, mikosi ya mwaka uliokwisha ibaki huko huko.

Halafu uwanjani. Wanaume wa upande huu na wa upande ule hutandikana kwa mapande ya migomba, maji ya mgomba yakiwarukia mashati (na usidhani doa lake linatoka). Aliyekuwa na kinyongo hukimaliza pale. Wanawake wamejipamba kanga mpya, wanazunguka wakiimba, na baadhi ya nyimbo hizo mimi mamako siwezi kukuandikia. Kisha mtu huingia kwenye kibanda cha makuti, kinatiwa moto, naye hutoka mbio. Haya sijasikia Mwajemi yeyote akiyadai.

Mwambie akipata likizo Julai aje. Makunduchi siku hiyo mwenyeji asiye na mgeni hajisikii vizuri. Avae shati bovu.

Mamako