Mkataba Unakukataza Kufanya Kazi kwa Washindani? Usikimbilie Kukaa Nyumbani

Wiki hii dada mmoja wa Nyegezi ameniandikia. Ametoka kiwanda cha minofu ya sangara, kapata kazi kwingine, na mwajiri wa zamani kamtumia barua ya wakili: mkataba unamkataza kufanya kazi kwa mnunuzi yeyote wa samaki Kanda ya Ziwa kwa miaka miwili. Anauliza kama aikatae kazi mpya. Hapana, dada yangu.

Barua ya namna hiyo mimi niliipokea. Nilikuwa nikiinunulia kampuni moja sangara, na mialo (sehemu wavuvi wanakoshushia samaki) ya Ukerewe na Sengerema niliijua kuliko mabosi wangu. Nilipohamia kwa mnunuzi mwingine wakaandika kwamba nimeondoka na siri za kampuni. Siri gani? Kumfungua sangara matamvua ukajua kama amelala, si mbichi tena? Hilo nilifundishwa na wavuvi kabla sijaijua kampuni. Bei ya mwaloni nayo anaisikia hata mama lishe. Iliniuma sana, na hadi leo inaniuma, kwa sababu niliwatumikia kwa uaminifu. Wenzangu waliosaini karatasi ileile waliogopa, wakakaa bila kazi. Mimi nilijibu kwa maandishi kupitia wakili, nikaendelea na kazi. Mahakamani kampuni haikwenda.

Msingi wa sheria ya vizuizi vya namna hii ni wa zamani. Mwaka 1894, katika kesi ya Nordenfelt huko Uingereza, ilielezwa kwamba kizuizi cha biashara ni batili mpaka kionekane cha haki kwa pande zote mbili na kwa umma. Nordenfelt, mtengenezaji wa bunduki, alizuiwa na mkataba kufanya biashara hiyo kwa miaka 25 na akashindwa kesi, lakini yeye alikuwa ameuza biashara yake kwa fedha nyingi. Mwajiriwa hajauza kitu. Mwaka 1916, katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby, mhandisi wa mashine za kuinulia mizigo aliwekewa miaka saba nchi nzima, na kizuizi kikakataliwa: ujuzi ulio kichwani mwa mtu ni wake. Mwajiri hulinda siri zake za kweli na wateja wake, halindwi dhidi ya ushindani wenyewe. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ni nzito na wakili wako anaweza kuisimamia.

Kwa hiyo kisome kifungu chako. Ni muda gani, eneo gani, kazi gani? Kinalinda kitu gani hasa? Kanda ya Ziwa nzima, kwa kila kazi ya samaki, ni kumfungia mtu riziki. Ila uondoke safi: toa notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28), usibebe orodha ya wateja, usinakili mafaili ya ofisi. Nasema tena, usibebe orodha. Ukiibeba, umewapa kesi ambayo hawakuwa nayo.

Dada wa Nyegezi, barua hiyo usiijibu kwa simu. Mpelekee wakili pamoja na mkataba wote, maana vifungu vingine hujificha kwenye viambatisho.