Jibu: Wachezaji watatu hawatoshi kuwa ushahidi

Ndugu kocha, umeuliza iwapo vijana wako watatu waliomaliza msimu salama kwa kufuata mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ni ushahidi wa kutosha. Hawatoshi, kwa sababu hatujui wangepatwa na nini kama wasingeyafanya. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na kura ya kuamua nani afanye mazoezi hayo ilipigwa kwa klabu nzima, si kwa mchezaji mmoja mmoja, ili waliopangiwa mazoezi wasiwafundishe wenzao wa kundi la kulinganishwa, yaani wasiopangiwa. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja, ingawa kwa majeraha ya miguu, ambayo ndiyo hasa yaliyolengwa, tofauti haikuwa ya uhakika kitakwimu, yaani huenda ilitokana na bahati tu. Jambo hilo la mwisho husahauliwa mno, nami naliona zito.

Tena hao hawakuwa vijana wanaocheza kwenye joto la Tanga. Kwa hiyo nakusihi uanze daftari leo, uandike kila jeraha pamoja na saa za kila mchezaji uwanjani: wachezaji 20, saa 4 kwa wiki, kwa wiki 12, ni saa 960, na ukigawa idadi ya majeraha kwa saa hizo utaweza kulinganisha msimu na msimu.