Vijana walewale, Montana ileile: mbona mahakama mbili, majibu mawili?

Swali: Wakili, shikamoo. Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Eldoret na mhadhiri ametupa kazi ya kulinganisha kesi za tabianchi za Marekani. Vijana 16 wa Montana waliishtaki serikali ya jimbo lao wakashinda hadi Mahakama ya Juu ya Montana, Desemba 2024. Wenzao 21 waliofungua kesi Oregon mwaka 2015 dhidi ya serikali ya taifa walizungushwa miaka kumi, kesi ikafa bila kusikilizwa ushahidi. Halafu mwaka 2025 baadhi ya walewale wa Montana wakaenda mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa, wakakataliwa. Si nchi moja hiyo? Na Katiba ya taifa si ndiyo kubwa kuliko zote?

Jibu: Marahaba, wakili mtarajiwa. Nchi ni moja, ila katiba ni 51: ya taifa, na ya kila jimbo. Ukubwa wa ile ya taifa unaonekana pale zinapogongana. Hapa hazigongani, kwa sababu Katiba ya Marekani haisemi neno lolote kuhusu mazingira. Jimbo haliwezi kumpunguzia mtu haki aliyopewa na Katiba ya taifa, lakini kumwongezea linaweza, na Montana iliongeza.

Hilo lina historia yake. Katiba ya Montana ni ya mwaka 1972, na wajumbe 100 walioiandika walitoka katika jimbo lililokuwa limetawaliwa kwa miongo mingi na kampuni ya shaba ya Anaconda. Kampuni hiyo ilimiliki hata magazeti makubwa ya jimbo mpaka 1959. Pale Butte shimo la mgodi wake lilikuwa linameza mitaa ya watu. Ndipo wakaandika, kwa tafsiri yangu, kwamba jimbo na kila mtu atatunza na kuboresha mazingira safi na yenye afya kwa vizazi vilivyopo na vijavyo, na haki hiyo wakaiweka pia miongoni mwa haki zisizoondolewa. Anayeisoma kama pambo la utangulizi hajaelewa walitaka kumbana nani.

Lakini usiishie kwenye haki. Wanafunzi wengi hukosea hapo, na mawakili wazima pia. Fungua hati ya madai uende moja kwa moja mwisho wake, kwenye nafuu zinazoombwa.

Mahakama za shirikisho hazisikilizi mtu mpaka athibitishe locus standi, yaani kwamba anastahili kuleta kesi hiyo, na tangu kesi ya Lujan iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1992 kipimo kimekaa kama mafiga matatu: umeumia wewe mwenyewe, aliyekuumiza ni huyo unayemshtaki, na amri ya mahakama inaweza kukuponya. Likikosekana moja, chungu hakikai. Katika kesi ya Oregon, *Juliana*, majaji wa Mzunguko wa Tisa, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia majimbo ya magharibi, Oregon na Montana yakiwemo, walikubali Januari 2020 kwamba vijana wameumia na kwamba serikali ina mkono wake. Figa la tatu ndilo lililowaangusha, kwa kura 2 dhidi ya 1. Vijana waliomba mahakama iiamuru serikali kuandaa mpango wa taifa zima wa kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Majaji wakasema kupanga na kusimamia jambo la ukubwa huo ni kazi ya Bunge na Rais. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuipokea.

Sasa soma *Held*, ile ya Montana, kwa makini. Vijana wale nao waliomba mpango! Jaji Kathy Seeley akaliondoa ombi hilo mwaka 2021, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kilichobaki ni kidogo na kikali: kitangazwe batili kifungu kilichokataza idara za jimbo kuangalia gesi joto, zile zinazoongeza joto la dunia, zinapopitia athari za mradi kwa mazingira. Hapo mahakama haina haja ya kuendesha sera ya nishati. Inafuta kifungu tu, na kufuta vifungu ni kazi yake ya kila siku. Naamini pigo la 2021 ndilo lililowaokoa, ingawa siku ile sidhani kama wakili wao alicheka.

Ukirudi kwenye kesi ya 2025, *Lighthiser*, utaona historia ikijirudia. Vijana walipinga amri tatu za Rais kuhusu nishati. Jaji Dana Christensen wa Missoula alisikiliza ushahidi siku mbili mwezi Septemba, na kwa lugha ya mtu asiyefurahia anachofanya, akaifuta kesi Oktoba. Alifungwa na *Juliana*: kuzizuia amri zile kungemlazimu akague karibu kila hatua ya serikali ya taifa kuhusu tabianchi. Jimbo ni lilelile, lakini mlango waliobisha ni mwingine.

Je, Washington ingeweza kuigeuza *Held*? La. Hukumu ikisimama juu ya katiba ya jimbo peke yake, Mahakama ya Juu ya Marekani haina cha kupitia. Mwenye uwezo wa kuichezea ni bunge la jimbo lenyewe, na kweli mwaka 2025 lilirekebisha sheria ile ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira.

Kwa ulinganisho wako, usiende mbali: ibara ya 42 ya Katiba yetu ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70(3) inasema mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au madhara. Yaani figa ambalo Mmarekani anahangaika nalo la kwanza, sisi tuliling'oa kwa maandishi.

Na kabla hujakabidhi kazi yako, soma maoni ya Jaji Jim Rice, mmoja aliyewapinga wenzake sita katika *Held*. Alisema vijana hawakuonyesha mradi au kibali chochote mahususi kilichowaumiza. Mhadhiri wako akiwa kama wangu, swali la kwanza litatoka humo.