Antena ya plastiki inashika vizuri tu

Nunua antena iliyofunikwa plastiki, na hutakosa jirani wa kukuambia umepigwa. "Hiyo plastiki itashikaje chaneli?" Inashika. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo mawimbi ya televisheni yanaipenya kama mwanga unavyopenya kioo. Kazi iko kwenye madini yaliyomo ndani. Niliwahi kufungua moja, boksi bapa la kufunga juu ya paa: mna vipande viwili vya alumini vilivyokatwa kama mabawa ya kipepeo, kibao kidogo cha busta (kikuza mawimbi), na waya. Basi. Mawimbi yakigonga alumini yanaamsha umeme mdogo mno, waya unaupeleka kwenye king'amuzi.

Kwa hiyo angalia ukubwa. Matangazo ya dijitali mengi yako masafa ya UHF, ambako televisheni huanzia megahezi 470. Hapo wimbi moja lina urefu wa sentimita 64 hivi, na antena hupenda nusu yake. Kijiboksi cha kiganja kilichoandikwa "kilomita 200" mimi sikinunui. Umbali huo, hata mviringo wa dunia wenyewe unakuzibia mnara.

Sisi wa pwani plastiki inatufaa kwa sababu ya chumvi. Antena ya mifupa wazi huliwa mapema kwenye viungio. Ila boksi nalo lina mlango wake: pale chini waya unapochomekwa. Fungua uchungulie. Ukikuta shaba imeota kijani, kata kipande hicho, chuna upya, funga, zungushia tepu. Kisha uache waya ushuke kitanzi kidogo kabla ya kupanda kuingia, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Boksi likichakaa usilipake rangi ya silva, ina unga wa alumini, na huo ndio unaozuia mawimbi. Mabati ya paa ni vivyo hivyo: antena ya darini chini ya bati inateseka bure, itoe nje. (Mafundi wengi hapa watakuuzia busta kwanza. Busta hukuza na uchafu pia, na ukiwa karibu na mnara inaweza kuharibu picha kabisa.)

Dijitali haina chenga za kukuonya, picha inagandaganda halafu inapotea. Unapozungusha antena, izungushe polepole, subiri kidogo kila hatua, na jicho liwe kwenye mstari wa ubora wa mawimbi unaoonyeshwa na king'amuzi, si ule wa nguvu.