Narudi Tanga Disemba, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Dodoma. Chuo nilisomea Tanga, nimeondoka miaka tisa sasa, na nilipanga chumba Ngamiani, barabara ya 12, kwa bibi mmoja aliyenilea kama mjukuu wake. Disemba shule zikifunga narudi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka sita, siku nne tu, yani nahesabu siku mpaka mume wangu ananicheka. Sasa simu ya bibi haipatikani tangu mwaka juzi, sijui niende tu bila taarifa? Alafu nasikia mji umebadilika sana, naogopa nisije nikafika nikawa mgeni. Nianzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na bibi. Usianze na ufukwe wala mapango, mkishuka stendi ya Kange chukueni bajaji mkaweke mizigo, mkoge, alafu jioni hiyohiyo nenda barabara ya 12 ukapige hodi. Taarifa ya nini? Tanga mtu anakuja tu, anakaribishwa, chai inatengwa. Mbebee dumu dogo la mafuta ya alizeti ya huko kwenu na karanga, vitu vya jikoni anavyovitumia kila siku. Kama kahama, wale wa nyumba ya pili watakwambia kaenda kwa mwanawe yupi. Na kama katangulia mbele ya haki, utakaa na watoto wake uwape mkono wa pole, usiondoke Tanga bila kufanya hivyo, nakuomba sana.

Kuhusu kubadilika, ni kweli. Bandari imepanuliwa, malori ni mengi kuliko ulivyoyaacha, na kule Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Lakini barabara za Ngamiani bado zinahesabiwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya 21, baiskeli bado zinapita kila kona, na pweza na mihogo jioni vipo. Tembea kwa miguu na mtoto, umwonyeshe ulipokuwa unanunua bajia, we mwenyewe utashangaa miguu inavyokumbuka njia.

Jambo moja nikwambie kwa vile we ni mwalimu wa Kiswahili. Shaaban Robert kazaliwa 1909 Vibambani, akafa 1962 na kaburi lake liko Machui, kusini ya mji, njia ya kwenda Pangani. Wanafunzi wengi wanamaliza chuo Tanga hawajafika hata siku moja, na huko darasani kwako unamfundisha kila mwaka! Tenga asubuhi nzima. Vaa kiheshima, uliza wenyeji wakupeleke, msomee dua, alafu ukirudi Dodoma uwasimulie watoto kwa macho yako mwenyewe.

Mapango ya Amboni ni karibu, kama kilomita 8 kwa njia ya Mombasa, nendeni mapema kabla jua halijawa kali, viatu vya kufunga sio ndala maana ndani kuna sehemu zinateleza na nyingine unapita umeinama. Mwambie mtoto mapema kuwa kuna giza na popo asije akalia.

Ufukwe wa Raskazone muende maji yakijaa, yakikupwa yanakwenda mbali mtabaki mnatembea kwenye matope, kwahiyo waulize wavuvi saa za maji siku moja kabla. Na huyo baba akisubiri nyie mkioga mpe habari hii, hapohapo ndipo jeshi la Waingereza lilishuka Novemba 1914, askari kama 8,000, wakapigwa na Wajerumani ambao hawakufika hata robo yao, na nyuki nao wakawatoa mbio.

Siku ya nne msipange kitu. Rudi kwa bibi ukapike nae wali wa nazi na samaki wa kupaka, samaki mkawachukue soko la Deep Sea alfajiri wakiwa wabichi, mkuno wa nazi mpe mtoto ajaribu.

Alafu uniandikie tena mwanangu. Nataka kujua bibi kakujua kwa sura au mpaka aliposikia sauti.