Aliyekanyaga msumari ndiye wa kuwahishwa

Mkuu, umeuliza nani aende zahanati kwanza: mdogo wako aliyekanyaga msumari, au jirani aliyeanguka na bodaboda ambaye mguu mzima ni mwekundu. Mimi ni muuguzi, kusafisha vidonda ndiyo kazi yangu. Mpeleke wa msumari, leo hii.

Mchubuko unatisha kwa macho na unauma kuliko mkato, lakini mara nyingi ni wa juu juu. Maji safi mengi yanayotiririka, sabuni, toa mchanga wote (ukibaki, ngozi itafunga juu yake na kuacha madoa meusi). Paka mafuta ya mgando, funika na shashi isije ikagandia. Oili chafu na unga wa kapsuli, hapana!

Sasa msumari. Tundu dogo, damu matone mawili, jioni limeshajifunga. Uchafu umefungiwa ndani kusikofika maji wala hewa, na vijidudu vya pepopunda hupenda pasipo hewa. Wala si lazima msumari uwe na kutu. Vimo kwenye udongo na mavi ya mifugo, hata mwiba unatosha. Dalili kama taya kukaza huja kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21, kwa hiyo "mbona kimepona" ya kesho haina maana. Na kama alivaa raba, msumari huingia na soli. Tulipofungua unyayo wa fundi ujenzi mmoja uliovimba, kwenye usaha kilitoka kipande cheusi cha raba, kidogo kuliko punje ya mchele. Muulize mdogo wako alichomwa lini mara ya mwisho sindano ya pepopunda.

Kwa wengine mnaosoma: mkato wa kisu bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha mwambie akunje kidole. Kikigoma, huenda kano (kamba ngumu ya ndani inayovuta kidole) imekatika, na hapo si suala la plasta. Kuungua na ekzosi, maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno. Akiumwa na mbwa, sabuni na maji dakika 15, halafu hospitali hata kama ni alama ya jino tu.

Huyo jirani naye, kama kuna mahali nyama ya ndani inaonekana au hawezi kukanyaga, wapande bajaji moja.