Farasi wawili wa madoa, mtoto mweupe: imekuwaje?

SWALI: Dume na jike wangu wote ni weupe wenye madoa meusi mwili mzima. Mtoto wao amezaliwa karibu mweupe mtupu, na giza likiingia hujigonga kwenye uzio. Nimekosea wapi?

JIBU: Madoa ya aina hii hutokana na jeni iitwayo LP. Mwenye nakala moja hupata madoa. Mwenye mbili hubaki na machache sana au hana kabisa. Ukipandisha madoa kwa madoa, kila mimba ina nafasi ya 25% ya nakala mbili, 50% ya moja, na 25% ya kukosa LP, yaani mtoto wa rangi moja.

LP peke yake haitandazi weupe mwili mzima. Hiyo ni kazi ya jeni nyingine, PATN1. Asiyekuwa nayo, hata akiwa na LP, anaweza kuzaliwa kama wa rangi moja, kisha nywele nyeupe zikaongezeka mwaka hadi mwaka. Usimhukumu siku ya kuzaliwa: tazama ngozi ya pua kama ina mabaka ya waridi na meusi, na kwato kama zina mistari ya kushuka.

Kujigonga ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Nakala mbili za LP huleta upofu wa usiku: LP ni hitilafu ndani ya jeni ya macho iitwayo TRPM1, kwa hiyo jeni hiyo haifanyi kazi ipasavyo, na ujumbe wa mwanga hafifu haupiti ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hali hii ni ya kuzaliwa nayo, haizidi wala haitibiki. Mwingize bandani kabla ya magharibi, mwachie taa, na ondoa waya wa miiba. Jicho likivimba, likitoa machozi au akilifumba, mwite daktari siku hiyohiyo. Farasi hawa hushikwa kirahisi na uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia.

Mpime kabla ya kumzalisha. Ng'oa singa 20 hadi 30 zikiwa na mizizi (zilizokatwa kwa mkasi hazifai), omba kipimo cha LP na PATN1. Akiwa na LP mbili, mpandishe na farasi asiye na LP: kila mtoto atapata moja tu, na upofu huu hautampata. Akiwa na PATN1 mbili, kwa kawaida wote watatoka na madoa mwili mzima. Akiwa na moja, na mwenzake hana, tarajia nusu. Mwenza asiwe na jeni ya mvi. Nakala yake moja yatosha kuyafifisha madoa yote mtoto akikua.